Mikanda ya Upande wa Kushoto

Watu wawili walikuwa wamekiri kosa moja, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Kesi isiyo na mkosaji ni kazi kama kazi nyingine. Kesi yenye wakosaji wawili wanaogombania hatia, kama watoto wanaogombania kukaa dirishani, hiyo ni maudhi.

Gari la kesi lilikuwa limeegeshwa uani, nyuma ya kituo cha polisi. Lilikuwa gari refu la rangi ya maziwa, lenye keria ya chuma juu ya paa, na juu ya keria zilibaki kayaki tatu, mitumbwi myembamba ya kupiga kasia. Ya nne, ile ya njano, ilikuwa imelazwa chini kando ya ukuta, pua imechubuka. Jana yake ilikuwa imeteleza kutoka juu ya gari na kuingia dukani kwa fundi cherehani bila kubisha hodi.

Wenye gari walikuwa mume na mke, wote wamekula chumvi, waliokuwa wakifundisha watu kupiga kasia ziwani. Mume aliitwa Kocha na mji mzima. Mke aliitwa Nahodha, kwa sababu akitoa amri Kocha hutii kwanza na kuuliza baadaye. Walizipandisha kayaki zao garini nyumbani, wakazifunga, wakazipeleka ziwani, wakazirudisha. Kazi hiyo waliifanya miaka yote ya ndoa yao, na hakuna hata kasia moja lililowahi kudondoka.

"Mzee amekiri," alisema Mkuu wa kituo, akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Amesema amesahau kufunga mzigo. Andika hivyo, leseni ifutwe kwa sababu ya uzee, tufunge jalada."

"Na mkewe aliyesema aliyesahau ni yeye?"

"Mama anampenda mumewe. Hilo si kosa la jinai."

"Nipe mpaka jioni, Mkuu."

Mkuu alimtazama. Alimjua Inspekta kwa ukaidi wake, na kwa siri aliupenda, ila hakuwahi kumwambia asije akavimba kichwa. "Jioni," alisema. "Ya leo, si ya mwaka huu."

Inspekta alipanda juu ya kigoda, akaitazama keria kwa karibu. Kayaki husimamishwa humo kwa ubavu, mbili kila upande, zikiegemea nguzo fupi za chuma. Kila jozi ilifungwa kwa mikanda mipana yenye kibano cha chuma. Ukibonyeza kibano, mkanda unateleza; ukiuvuta, unakaza. Mikanda ya upande wa kulia ilikuwa imekaza mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Mikanda ya kushoto, ule upande uliopoteza kayaki, ilikuwa imelegea. Haikukatika wala kuchanika, na vibano vilikuwa vimefungwa sawasawa.

Na kila mkanda, wa kulia na wa kushoto, ulikuwa umepindwa mara moja kabla ya kukazwa. Inspekta aliwahi kuelezwa sababu. Mkanda bapa ukipigwa na upepo barabarani hutetemeka na kupiga kelele mpaka dereva aumwe kichwa. Ukiupinda mara moja, unanyamaza. Mtu aliyesahau kufunga mzigo, alijiuliza, anakumbukaje kupinda mkanda?

Aliusogeza mkanda mmoja wa kushoto karibu na macho. Ulikuwa na sehemu mbili zilizong'aa kwa kusuguliwa na kibano. Moja ilikuwa pale unapopaswa kukaza, ya pili upana wa kiganja kutoka hapo. Mikanda ya kulia ilikuwa na alama moja tu. Kwa hiyo mikanda ya kushoto ililegezwa kiasi kilekile, tena na tena, kwa muda mrefu.

Zilibaki kamba. Mbali na mikanda, kayaki hufungwa kamba puani na mkiani, na kamba hizo hushuka mpaka chini ya bampa. Kwenye gari hili hazikuwepo. Askari walizikuta nyuma ya kiti cha mke, zimekunjwa vizuri, na sasa zilikuwa ofisini ndani ya mfuko wa plastiki. Inspekta alipochomeka kidole katikati ya mkunjo, kilitoka na unyevu.

Jana asubuhi mvua ilinyesha. Kamba iliyosahauliwa ndani ya gari hailowi.

Duka la fundi cherehani lilikuwa kwenye mzunguko wa barabara ya kuelekea ziwani. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, goti limefungwa bendeji, na dirisha lake limezibwa kwa kitambaa cha maua alichokuwa amemkatia mteja.

"Afande, mimi naogopa maji," alisema kabla hajaulizwa. "Tangu mtoto. Nilikuja kuishi huku juu ili nisife maji. Sasa mtumbwi umenifuata mpaka mezani. Nihamie wapi, mwezini?"

"Pole sana. Uliuona ukishuka?"

"Kwa macho yangu. Mtu wa baiskeli alikatiza, gari likafunga breki. Ile ya njano ikachomoka kwa mbele kama sabuni, ikashukia upande huu. Zile nyingine zilitikisika tu."

"Ulisikia mkanda ukikatika?"

"Hakuna kilichokatika. Ningesikia. Kazi yangu ni vitu vya kukatika."

"Unataka wafungwe?"

Fundi alionekana kama ametukanwa. "Nani? Wale wazee? Nataka kioo changu. Na nataka yule mama aache kulia hapa dukani. Amekuja mara mbili kunipa pole. Akilia mimi nalia, na goti linauma zaidi."

Ajali haina kinga, alisema fundi, ila kioo kina bei. Inspekta alikubaliana naye, akaendelea na safari.

Kituo cha mafuta kilikuwa nyuma kidogo, upande wa mjini, cha mwisho kabla ya kushuka kwenye mzunguko. Mhudumu wa pampu, msichana mwenye maneno mengi na ubani mdomoni, aliwajua vizuri.

"Husimama hapa kila safari. Mama huenda msalani, mzee hubaki na gari. Akirudi mama, mzee huenda ndani kulipa. Wanapokezana kama walinzi."

"Jana mvua ilikuwa bado inanyesha?"

"Ilikuwa imekatika. Lami ilishaanza kukauka."

"Kuna mtu aligusa mzigo?"

Msichana aliacha kutafuna. "Kulikuwa na mtu mwenye kofia pana, kama sinia. Alisimama upande wa kushoto, mikono juu, anashikashika mikanda. Nilikuwa namhudumia mteja mwingine, uso sikuuona."

Mjini kulikuwa na mtu mmoja aliyejulikana kwa kofia ya namna hiyo. Alikuwa na kayaki zake za kukodisha ng'ambo ya ziwa, na watu walimwita Mwamvuli. Yeye na Kocha waligombania wanafunzi walewale. Inspekta alihisi joto la kesi kuelekea mwisho wake, akashuka ziwani mwendo wa kasi.

Alimkuta Mwamvuli ndani ya maji mpaka kiunoni, akiwazuia wafanyakazi wa benki moja wasipinduke. Wote kwa pamoja walithibitisha kwamba jana walikuwa naye tangu asubuhi, na kwamba hakuwaruhusu hata kupumzika.

"Mimi niguse mzigo wa Kocha?" Mwamvuli alipandwa na hasira mpaka maji yakamrukia usoni. "Nani alinifundisha kufunga mzigo kama si yeye? Na hii kofia, unajua nani alininunulia? Yeye! Tulinunua mbili, dukani hapohapo, siku niliyofungua biashara. Aliniambia, 'Mwanangu, ukinishinda unishinde ukiwa kivulini.'"

Inspekta aliutazama ule ukingo mpana wa kofia, na kesi yake nzuri ikazama hapohapo.

"Alikufundishaje kufunga?" aliuliza, safari hii kwa upole.

"Alisema mkanda unashika, na kamba inangoja. Mkanda ukikosea, kamba ipo. Kamba ikikosea, mkanda upo. Gari linafika." Mwamvuli alifuta uso. "Afande, ni kweli anasema amesahau? Kocha? Yule mtu anakumbuka jina la kila mwanafunzi aliyewahi kupinduka."

Njia ya mwongo ni fupi. Lakini Inspekta alipokuwa akirudi kituoni alianza kuona kwamba hakukuwa na mwongo mmoja. Kulikuwa na wawili, na kila mmoja alikuwa akidanganya kwa ajili ya mwenzake.

Aliwaketisha pamoja ofisini kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na joto. Feni ya mezani ilikuwa imeharibika, na waya wake umelala sakafuni. Kofia pana ilining'inia mgongoni kwa Kocha kwa ugwe. Shingoni mwa Nahodha ulining'inia ufunguo wa gari, kwa uzi uliofungwa fundo dogo gumu.

"Mama, mbona ufunguo unao wewe?"

"Alinipa mwenyewe jana," alisema Nahodha bila kumtazama mumewe. "Akasema nisimrudishie."

"Mzee, umeamua kuacha kuendesha kabla hatujakufutia leseni?"

Kocha alikunja mikono yake mikubwa mapajani. "Afande, nikwambie ukweli. Mimi nakumbuka kufunga zile kamba. Nakumbuka mvua ikiniingia shingoni nikiinama chini ya bampa. Halafu askari wako wananionyesha kamba, zimekunjwa, zimekaa nyuma ya kiti. Usiku kucha nimezitafuta kichwani mwangu, na kila nikitafuta nakuta nimezifunga. Mtu anayekumbuka kitu ambacho hakikutokea hafai kuendesha hata baiskeli. Baba yangu alianza hivihivi. Alimaliza hajui jina langu."

Nahodha aligeuza kichwa kwa ghafla, kama mtu aliyesikia jambo asilolitegemea.

"Umemwambia mkeo hivyo?"

"Nilimwambia nimesahau kufunga. Inatosha. Nimchoshe na kamba za nini?"

Inspekta aliwawekea chupa mbili za maji. Kocha alichukua moja, akazungusha kifuniko kidogo tu, mpaka kilipotoa mlio wa kukatika, akakiacha juu ya chupa, akaisogeza mbele ya mkewe. Hakutazama alichokuwa akifanya. Nahodha akaifungua kwa vidole viwili, akanywa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeifungua mwenyewe.

Halafu Nahodha, asiyeweza kuona kitu kimezagaa akakaa kimya, aliinama akaokota waya wa feni. Akaukunja kwenye kiganja na kiwiko kwa kupishanisha, akapitisha ncha yake katikati, akaukaza. Alikunja uso kidogo mkono ulipopinda. Inspekta aliutazama ule mkunjo, kisha akautazama mfuko wa plastiki wenye kamba. Ilikuwa kazi ya mkono uleule.

Akasimama. "Twendeni uani. Nataka mfunge mzigo kama jana."

Askari wawili wenye nguvu waliinua ile ya njano mpaka kwenye keria. Kocha akaanza kazi, na ilikuwa raha kumtazama. Alirusha mkanda juu, akaupokea upande wa pili, akaupinda mara moja, akauvuta. Nahodha alitoa amri ambazo mumewe alikuwa ameshazitekeleza. Ilipofika zamu ya kamba, Kocha alipiga magoti mbele ya bampa, akaguna, akashika kiuno. Nahodha aliuma mdomo wa chini.

"Vizuri," alisema Inspekta. "Sasa tumefika kituo cha mafuta. Mama, nenda ndani ukanawe mikono. Usirudi mpaka nikuite."

Nahodha akaenda. Inspekta akamgeukia Kocha. "Mzee, fanya ulichofanya jana."

"Nilijaza mafuta."

"Mbona mikanda ya kushoto ina alama mbili?"

Kocha alitazama mlango aliopitia mkewe. Akavaa kofia yake taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa jua kali. Akazunguka upande wa kushoto, akabonyeza vibano, akaachia mikanda kiasi cha kiganja.

"Mikono yake," alisema kwa sauti ya chini. "Vifundo vinamuuma huu mwaka wa pili, na anadhani sijui. Ziwani upande wa kushoto ni wake. Ukimfungulia, ananuna siku nzima. Basi namlegezea hapa, tukifika anabonyeza kwa urahisi. Kutoka hapa si mbali, na kamba zipo. Zilikuwepo siku zote. Mpaka jana niliposahau kuzifunga. Usimwambie, afande. Ataona aibu."

"Nenda ofisini ukalipe mafuta, mzee."

Nahodha alirudi akiwa bado anapangusa mikono kwa gauni. Hakuhitaji kuulizwa. Alipiga magoti mbele, akafungua kamba za puani, akaenda nyuma akafungua za mkiani, akazikunja kwa namna yake, akaziweka nyuma ya kiti. Alikuwa analia kabla hajasimama.

"Jana asubuhi alipokuwa anazifunga nilimsikia mgongo ukilia mpaka mimi nikaumia," alisema. "Nikasema, tukifika ziwani atainama tena kuzifungua. Yeye hawezi kuniachia, ni mtu wa kujifanya kijana. Mikanda inatosha kwa hicho kipande kilichobaki, basi nikazitoa kimyakimya. Jana tu, afande. Mara ya kwanza na ya mwisho. Ilipodondoka nikajua mikanda alikuwa hakuikaza, kichwa kimeanza kumwacha. Ningemwachaje alaumiwe peke yake?"

"Alipokwambia amesahau, ulidhani anasema mikanda."

"Nilijuaje kwamba anasema kamba? Kamba alizifunga. Nilimwona! Mimi ndiye niliye..." Akaweka kiganja mdomoni.

Inspekta akamwita Kocha. Akawasimamisha wote wawili mbele ya gari, na wale askari wawili wakakaa tayari chini ya pua ya ile kayaki.

"Mzee, sukuma kwa kidole."

Kocha alisukuma kwa kidole kimoja. Kayaki ya njano ikateleza mbele kwa ulaini kabisa, ikaangukia mikononi mwa askari. Ya pembeni yake ikajongea kidogo. Zile mbili za kulia hazikutikisika.

Kocha aliutazama mkanda uliolegea, alioulegeza mwenyewe. Akainama kwa shida, akatazama chini ya bampa. Akamtazama mkewe.

"Kamba ziko wapi?"

"Nimezifungua."

"Jana pia?"

"Mgongo wako, baba. Nilikuonea huruma."

"Mimi nimekulegezea mikanda."

"Nani alikwambia mikono inaniuma?"

"Nalala na nani?"

Nahodha alimpiga kibao cha begani, kisha akaushika mkono wake hapohapo alipompiga. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawa wawili waliumbuliwa na kayaki. Lakini Kocha alikuwa hacheki. Alikuwa amesimama wima, mdomo wazi, mtu anayesikiliza kitu kinachorudi kutoka mbali.

"Kwa hiyo nilizifunga," alisema.

"Ulizifunga."

"Asubuhi. Kwenye mvua. Maji yaliniingia shingoni."

"Ulizifunga vizuri, mume wangu. Fundo lilikuwa gumu, nusura nishindwe kulifungua."

Kocha alikaa kwenye ngazi ya gari, akavua kofia, akafunika nayo uso. Mabega yalitikisika. Inspekta aliwageukia askari akawaagiza watazame ukuta, naye akautazama pamoja nao, kwa kuwa macho yake nayo yalikuwa hayaaminiki wakati huo. Aliwapenda wazee hawa, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Mkuu alitoka na kikombe chake. "Ehe? Mkosaji nani?"

"Wote wawili. Walilegeza mzigo barabarani. Watalipa faini, na watamlipa fundi kioo na goti."

"Na leseni?"

"Inabaki kwake, Mkuu. Huyu mzee hakusahau kitu. Alikumbuka kila alichofanya, na kila alichokumbuka kilitokea."

Mkuu alimtazama Kocha pale kwenye ngazi, akamtazama Nahodha aliyekuwa akimfuta uso kwa pindo la gauni. "Jioni bado haijafika," alisema, akarudi ndani.

Inspekta akawasogelea. "Kuna sharti. Kuanzia leo, atakayegusa mzigo aseme kwa sauti alichogusa. Mwenzake aitikie. Msipoitikiana, gari lisiondoke."

"Sisi si watoto, mwanangu," alisema Nahodha.

"Watoto wanasemezana, mama."

Wakafunga upya. Uani kote zilisikika sauti zao: nakaza kushoto, nimeona, nafunga mbele, pole na mgongo, wewe angalia mikono yako. Askari mmoja aliinama chini ya bampa badala ya Kocha, akakosolewa fundo na wote wawili kwa pamoja.

Mwisho Nahodha alipeleka mikono nyuma ya shingo yake, kwenye uzi wenye ufunguo. Vidole vilihangaika na lile fundo. Jana asingesema neno, angehangaika mpaka uzi ukatike. Sasa alimgeuzia mumewe kisogo, akainamisha kichwa.

"Nafungua," alisema Kocha kwa sauti, kama alivyoagizwa.

"Nimesikia," alisema mkewe. Ufunguo ukadondoka kiganjani mwa Kocha. "Haya, endesha."